Mifupa Iliyogeuka Mawe

Mazungumzo ya redio. Somo: Zaburi 104.

 

Katika mikutano ya vijana wetu swali moja hurudi mara kwa mara. Kijana amefundishwa shuleni habari za visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Akifika nyumbani huuliza, "Je, mambo haya ni kweli? Na kama ni kweli, niache kanisa?" Mara nyingi hujibiwa kwa ukali ili anyamaze. Lakini kuuliza si ujinga. Kijana akinyamazishwa haachi kuuliza. Huacha kutuuliza sisi. Kwa hiyo leo tulitazame jambo hili bila hofu.

Kwanza, kisukuku hutokeaje? Sote tunajua yanayompata mnyama akifa porini. Fisi na ndege hula nyama. Jua, mvua na wadudu humaliza mifupa. Baada ya miaka michache hapana kitu. Ndiyo maana viumbe wengi mno waliopata kuishi hawakuacha alama yoyote. Ili mfupa udumu, yafaa ufunikwe upesi na tope la mto au la ziwa, au na majivu ya volkano. Nyama huoza, mifupa na meno hubaki. Kisha maji yapitayo ardhini huleta madini yaliyoyeyuka ndani yake, nayo hujaza vitundu vidogo vya mfupa, chembe kwa chembe, na pengine hushika nafasi ya mfupa wenyewe. Tope huongezeka, tabaka juu ya tabaka, hata likashindiliwa kuwa mwamba. Baada ya muda mrefu sana mvua humomonyoa mwamba ule, na jino au fuvu huchungulia nje.

Mtu wa Kakamega atauliza, mbona sisi hatuoni mifupa hiyo katika mawe yetu? Lile jiwe linalolia la Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, ni la graniti. Graniti ilikuwa ujiuji wa moto ulioganda chini ya ardhi, nayo haihifadhi mnyama. Miamba yetu ilitoa dhahabu, ikavuta wachimbaji wengi mwanzoni mwa miaka ya 1930, lakini ni ya zamani kuliko wanyama wote wenye mifupa.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda mbali. Katika Ghuba ya Winam kuna kisiwa kidogo kiitwacho Maboko. Mwaka 1933 visukuku vyake viligunduliwa na mtumishi wa kanisa, Walter Edwin Owen, Arkidikoni wa Kavirondo, kama sehemu hizi zilivyoitwa wakati ule. Mtu huyu ndiye aliyewatetea wananchi waliotumikishwa kazi kwa nguvu. Aliihubiri Injili, na mifupa ya kale akaikusanya kwa bidii. Hatusikii kwamba kazi moja ilimzuia nyingine.

Tuvuke sasa hadi kisiwa cha Rusinga. Hapo mwaka 1948 Mary Leakey aliona fuvu la mnyama wa jamii ya masokwe aliyeitwa Proconsul. Siku hizi wataalamu humwita Ekembo. Aliishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Mifupa yake yaonyesha kwamba alitembea kwa miguu minne juu ya matawi, wala hakuwa na mkia. Meno yake yaonyesha kwamba alikula matunda. Volkano ya Kisingiri ilikuwa karibu, na majivu yake yalifunika hata matunda, mbegu na wadudu. Mwaka 2014 watafiti walieleza kwamba walikuta huko alama za visiki na mizizi ya msitu mnene, pamoja na mifupa ya mnyama huyo.

Miaka hiyo hujulikanaje? Majivu na mawe ya volkano yana potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa mwendo unaojulikana. Wataalamu hupima gesi iliyokusanyika, wakapata umri wa jiwe. Huo ni upimaji, kama vile fundi apimavyo ubao.

Wapendwa, tuseme wazi yale ambayo mfupa waweza kusema na yale usiyoweza. Waweza kutuambia ni nani aliishi, wapi, alikula nini na alitembeaje. Hauwezi kutuambia kwa nini upo uhai, wala tuishije na jirani. Wakristo husoma siku za Mwanzo kwa namna mbalimbali, na ndugu wasitengane kwa ajili hiyo. Lakini kukana kilichopo machoni petu si imani. Mungu wa kweli hahitaji kutetewa kwa uongo. Mzazi, mtoto wako akikuuliza, keti naye. Kama hujui, mwambie, "Mwanangu, tutafute pamoja."

Liko na jambo jingine. Zaburi yetu yawataja ndege matawini na wanyama katika makao yao, nayo yasema kwamba pumzi yao ikiondolewa hurudi mavumbini. Rusinga palikuwa msitu. Leo ni pakavu, na miti ni michache. Sisi wa Kakamega tumebakiziwa kipande cha msitu wa mvua wa namna ile ienezayo Kongo, wenye mbega na hondohondo. Rusinga ulitoweka pasipo shoka la mtu. Wetu, ukitoweka, utakuwa umetoweka kwa shoka letu na kwa makaa yetu, na wajukuu wataujua kwa kusimuliwa tu.

Nawe msikilizaji ulioko karibu na ziwa, ukiona jiwe lenye umbo la jino au la mfupa, usilichimbue wala usiliuze. Likitolewa mahali pake, tabaka lake halijulikani tena, na nusu ya habari zake imepotea. Acha palepale, upeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa. Visukuku hulindwa na sheria ya mwaka 2006.

Tuombe. Ee Bwana, ulijua jina la kila kiumbe kabla yetu. Utupe moyo usioogopa kweli, na masikio ya kuwasikiliza watoto wetu. Utufundishe kuutunza msitu uliotukabidhi. Amina.