Mtoto Aliyeona Nyayo za Simba Asipigwe

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya watoto wetu na simu. Lakini nitaanzia mbali kidogo, kwa mtoto mchungaji wa Ngorongoro.

Ukitoka Karatu mjini, ukavuka lango la Lodoare, unaingia katika hifadhi ambayo tangu mwaka 1959 imekuwa na watu, mifugo na wanyama wa porini kwa pamoja. Huko mtoto mdogo hukabidhiwa ndama na mbuzi. Hakabidhiwi siku moja tu akaambiwa, nenda. Kwanza hufuatana na kaka yake. Huonyeshwa kwamba nyati aliye peke yake ni wa kuogopwa, huonyeshwa njia ya tembo, huonyeshwa unyayo wa simba ulivyo.

Na jioni mtoto huyo akirudi na kusema, "Baba, leo nimeona nyayo za simba karibu na maji," hapigwi. Hakuna baba anayeshika fimbo na kumwuliza kwa nini alikwenda mahali penye nyayo. Husikilizwa, na kesho yake mifugo hupelekwa upande mwingine. Wazee wale wanajua kuwa hatari ni ya kweli. Mwezi Agosti 2021 watoto watatu wa shule waliuawa na simba karibu na Ngorongoro, walipokwenda kutafuta mifugo iliyopotea.

Sasa tuje kwenye simu, na hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwanangu wa kiume alipokuwa na miaka kumi na mitatu alinijia usiku mmoja, akaniambia kuwa katika kundi la wenzake kwenye simu kumeletwa picha chafu. Nilimzaba kofi. Nikachukua simu, nikaifungia kabatini, nikajiona nimelea. Kuanzia siku ile mwanangu hakuniletea tena habari yoyote ya simu. Mimi nikadhani ametulia.

Mwaka uliofuata nilikwenda Karatu kumsalimu dada yangu. Binti yake yuko kidato cha pili, na wakati wa likizo hutumia simu ya mama yake. Nilimkuta amekonda, hali vizuri, simu ikilia anashtuka. Jioni tulipobaki wawili akaniambia, "Mjomba, nina jambo, lakini naomba usimwambie mama."

Kuna mtu alimwandikia, akajitambulisha kuwa mfadhili kutoka Ulaya aliyepata kutembelea Kreta. Huku kwetu habari za wafadhili si ndoto. Wapo watoto wa Karatu na Ngorongoro waliosomeshwa na wageni waliokuja kuona wanyama. Basi binti akaamini. Mtu yule aliomba picha akiwa na sare ya shule, akatumiwa. Akaomba nyingine, akisema ni ya fomu ya afya. Mwisho aliomba picha ambayo mtoto hapaswi kumpa mtu yeyote. Alipoipata, ufadhili ukaisha na vitisho vikaanza: tuma nyingine, au hii nitawapelekea walimu wako.

Binti alikaa na mzigo huo wiki tatu. Nikamwuliza kwa nini hakusema mapema, hata kwangu. Akainama, akasema, "Nilikumbuka ulivyomfanya kaka."

Ndugu wasikilizaji, neno lile liliniuma, kwa sababu kofi nililompiga mmoja lilikuwa limewafunga midomo wawili.

Hatukumtumia mtu yule picha nyingine wala senti moja. Ujumbe wake hatukuufuta, maana huo ndio ushahidi. Tulimweleza mama yake, kisha tukaenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mtu huyo bado hajapatikana. Lakini binti amerudi darasani, na anakula.

Wala si yeye peke yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, INTERPOL na ECPAT ulionyesha kuwa angalau watoto 4 katika kila 100 wa Tanzania wenye miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa ukatili wa kingono kupitia mtandao katika mwaka mmoja. Walio wengi hawakwenda polisi.

Tufanye nini basi? Wengine watasema, wanyang'anyeni simu. Shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na hilo lina sababu zake. Lakini likizo inapofika mtoto huishika ya mama, ya shangazi au ya jirani. Mtoto uliyemkataza bila kumfundisha ataingia porini peke yake, tena gizani.

Tufanye kama wale wachungaji. Tufuatane nao kwanza. Kaa na mwanao, mshike simu pamoja, mwonyeshe nyayo. Mgeni anayeomba siri isifike kwa mama, huo ni unyayo. Anayetoa zawadi kabla hamjajuana, huo ni unyayo. Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" sote tunaujua. Mfundishe mwanao kwa mfano huo huo, kwamba mtu anaweza kujifanya yeyote.

Tena tuwafundishe kwamba na wao wanaweza kuwa simba. Mwanafunzi anayesambaza picha ya aibu ya mwenzake darasani anauma kama yule mgeni wa mbali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na inakataza kumtesa mtu kwa ujumbe. Na laini ile imesajiliwa kwa alama ya kidole cha mzazi. Likitendeka ovu, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Na mtoto akishindwa kutuambia sisi, ajue namba 116. Ni simu ya kuwasaidia watoto, na kupiga ni bure.

Lakini yote hayo hayatafaa kitu kama mtoto anaogopa kusema. Usiku huu, kabla hamjalala, mwambie mwanao maneno haya: ukikosea kwenye simu, njoo uniambie, sitakupiga. Kisha siku akija, zuia mkono wako.

Mimi nilimwomba mwanangu radhi. Si desturi yetu baba kumwomba mtoto radhi, na maneno yalikuwa mazito kinywani. Siku chache baadaye alikuja na simu mkononi, akasema, "Baba, hebu tazama hii."

Nikakaa naye, tukatazama.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.