Kutoka Ruai Hadi Sabaki

Msikilizaji wa Nairobi, ikiwa nyumba yako imeunganishwa na bomba la majitaka, huenda maji uliyooshea vyombo leo yanaelekea Ruai, kwenye mabwawa ya Dandora. Huko hayaharakishwi. Nondo huzuia matambara na plastiki, kisha maji hutulia, tope likizama na bakteria wakila uchafu. Wangeula mtoni, wangemaliza oksijeni na samaki wafe. Bwawa linalofuata ni la kijani: mwani hutoa oksijeni, jua likisaidia kuua vimelea vya kipindupindu. Ndipo maji yanapoingia Mto Nairobi, yakashuka Athi hadi Sabaki, karibu na Malindi. Tafadhali, usitupe nepi chooni. Huziba bomba, majitaka yakafurika na kuteremkia mtoni bila kusafishwa.