Kumrudisha Nyumbani Askari Aliyeumia: Mambo Ambayo Mlezi Anaweza Kufanya

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo ningependa kuzungumza nawe mama, dada au mke unayemlea nyumbani mtu aliyepoteza mguu, macho au nguvu za miguu. Labda ni mwanao aliyekuwa askari. Wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, na ziko nyumba ambazo kijana aliondoka akitembea akarudishwa akibebwa. Labda wako hajawahi kushika bunduki, ameangushwa na bodaboda tu. Utunzaji ni ule ule. Na mengi tunayoyajua sisi wauguzi kuhusu utunzaji huo yalitokana na uchunguzi wa madaktari kwa askari waliojeruhiwa vitani.

Utauliza, kwa nini askari? Ni kwa sababu vita huleta vijana wengi wenye majeraha yanayofanana kwa wakati mmoja. Wazazi wao wanaiuliza serikali, "Mtoto wetu mtamfanyia nini?" Basi madaktari hulazimika kutafuta jibu.

Zamani askari aliyepigwa risasi kwenye uti wa mgongo alihesabiwa kuwa amekwisha. Wengi walikufa katika muda mfupi, na mara nyingi kilichowaua si risasi bali vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari mmoja Myahudi aliyekimbia Ujerumani, Ludwig Guttmann, alipewa wodi ya askari wa namna hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuunganisha uti wa mgongo, na hata leo dawa hiyo haijapatikana. Aliagiza kwamba kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na kwamba mkojo utolewe kwa usafi mkubwa. Vifo vikapungua sana.

Mama, kazi hiyo ya kugeuza haihitaji mashine. Inahitaji mikono yako na saa ya ukutani. Mtu asiyehisi miguu yake hawezi kujua kwamba nyama iliyo kati ya mfupa na godoro imekosa damu. Wewe na mimi hujigeuza usingizini bila kujua. Yeye hawezi. Mgeuze ubavu wa kushoto, kisha chali, kisha ubavu wa kulia. Unapomlaza ubavu, usimsimamishe wima juu ya nyonga. Mwinamishe kidogo na umwekee mto mgongoni. Weka mto mwingine kati ya magoti. Chini ya mashavu ya miguu weka mto ili visigino vining'inie visiguse godoro. Usimvute juu ya shuka, mwinue, kwa sababu kuvuta kunachuna ngozi. Kama ni mzito, mwite mtu wa pili. Usiumie mgongo wako.

Kila asubuhi na kila jioni mkague ngozi: kisogo, mabega, viwiko, kifandugu, nyonga, vifundo vya miguu na visigino. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi au pa zambarau, palipo na joto kuliko pembeni, au palipokuwa pagumu ukigusa. Ukiona hivyo, asilalie tena mahali hapo mpaka parudi kawaida. Usipasugue wala kupapaka majivu. Na ile desturi ya kumkalisha juu ya tyubu ya gari iliyojazwa upepo, tafadhali tuiache. Tyubu inabana damu pande zote na kidonda huja upesi zaidi. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ajiinue kwa mikono au ainame mbele kila baada ya dakika 15 hadi 30.

Jambo jingine ni maji. Walezi wengine humnyima maji ili asilowanishe shuka. Mkojo mchache na mzito ndio unaoleta maambukizi. Mpe maji kama alivyoshauriwa hospitalini, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika mpira wa mkojo. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu, yaani shingoni au kifuani juu, akianza ghafla kuumwa kichwa vikali, akitokwa na jasho usoni, mketishe wima mara moja. Mlegezee nguo, tazama kama mpira wa mkojo umejipinda au umeziba, na mfikishe hospitali. Hiyo ni dharura, usingoje asubuhi.

Sasa nitakosana na baadhi yenu. Guttmann hakuishia kwenye kugeuza. Wagonjwa wake walipopata nafuu aliwaweka kwenye karakana, wakaseremala na kutengeneza saa. Tarehe 29 Julai 1948 akaandaa mashindano ya kupiga mishale, na askari 16 wanawake kwa wanaume walishindana wakiwa kwenye viti vyao. Mashindano hayo ndiyo yaliyokua yakawa Paralimpiki. Yeye alikuwa akitafuta jambo moja: mtu huyu arudi kuwa na kazi, na jina, na watu wa kugombana nao.

Lakini sisi nyumbani hufanya nini? Tunamnawisha, tunamlisha, tunamfungia vifungo vya shati, na mgeni akija tunajibu maswali badala yake. Tunafanya hivyo kwa mapenzi. Hata hivyo mikono isiyotumika hudhoofika, na mtu asiyeulizwa shauri hunyamaza. Kama mikono yake ina nguvu, avae shati mwenyewe hata kama itachukua nusu saa. Achambue mboga, amenye viazi, awasaidie watoto na hesabu za shule, ahesabu pesa za maziwa. Shusha rafu ya sufuria ifikie mkono wake. Weka ubao wenye mteremko mlangoni ili kiti kipite. Akiangusha sahani moja, sahani inanunuliwa.

Kwa waliopoteza macho kuna habari nzuri. Huko Marekani mwaka 1944 askari wengi vipofu walipelekwa hospitali ya jeshi ya Valley Forge. Hapo Richard Hoover, aliyewahi kuwa mwalimu, akabuni namna ya kutembea kwa fimbo ndefu na nyepesi, na mwaka 1948 mafunzo yake yakaendelezwa katika kituo cha askari vipofu cha Hines. Fimbo hiyo hufika karibu na kidari. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha ya fimbo inagusa ardhi upande wa kushoto, mahali mguu wa kushoto utakapokanyaga. Kisha vivyo hivyo upande wa pili. Leo fimbo nyeupe inatumika hivyo duniani kote, hapa Kenya pia. Unapotembea naye usimshike mkono na kumkokota. Mwache yeye akushike wewe juu ya kiwiko, nawe utangulie hatua moja.

Tumalizie na maumivu ya kiungo kisichokuwepo. Mguu umekatwa, na bado kijana analia usiku kwamba vidole vya mguu huo vinaungua. Tafadhali msiseme amerogwa, wala msiseme anajifanya. Maumivu hayo ni ya kweli. Ubongo bado una nafasi ya mguu ule. Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Marekani, walichapisha jaribio la kioo. Kioo kiliwekwa wima kati ya mguu mzima na kigutu, mgonjwa akatazama kioo huku akiusogeza mguu mzima, na macho yakaona kana kwamba ipo miguu miwili. Walifanya hivyo dakika 15 kila siku kwa wiki 4. Wote 6 waliomaliza wakitazama kioo walipata nafuu, na kati ya waliotazama kioo kilichofunikwa ni mmoja tu.

Ni watu wachache, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kioo hakimsaidii kila mtu. Wengine hushikwa na huzuni wanapoona tena mguu wao, kwa hiyo siku za kwanza kaa naye. Lakini kioo kirefu unaweza kukipata sokoni, na hakigombani na dawa alizoandikiwa. Muulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya kaunti akuonyeshe.

Huko huko Marekani, sheria ya mwaka 2010 ilianza kuwapa mafunzo na posho watu wa familia wanaowalea askari waliojeruhiwa vibaya. Hapa kwetu mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkali zinazostahili. Hazitoshi, tunajua, lakini mwandikishe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Anza kwa kupimwa hospitalini. Shirika la APDK, lililoanza mwaka 1958, hutengeneza viti vya magurudumu vinavyofaa barabara zetu. Na kazi ya kugeuza usiku gawana na wengine nyumbani, wanaume wakiwemo. Kengele ya simu inaweza kumwamsha kaka kama inavyokuamsha wewe.

Juma lijalo tutazungumza juu ya chakula cha mtu mwenye kidonda kisichopona haraka. Kwaherini.