Kilomita za Kazi na Hesabu Zake



Nimeombwa nieleze kazi yangu serikalini. Nitasema juu ya karatasi moja tu inayopita mezani kwangu karibu kila siku: dai la mtumishi aliyesafiri kikazi kwa chombo chake mwenyewe.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Gari likiondoka ofisini mita inasoma 48,210. Likirudi inasoma 48,342. Mwendo ni kilomita 132. Ikiwa njiani mtumishi alichepuka kilomita 14, kwenda na kurudi, kumjulia hali shemeji yake, hizo ni zake, si za mwajiri. Zinabaki 118. Zidisha kwa kiwango kilichowekwa. Tukichukua shilingi 500 kwa mfano tu, dai ni shilingi 59,000. Safari ya kila siku toka nyumbani hadi ofisini haimo, hata mtu akikaa mbali namna gani.

Ugumu uko kwenye hicho kiwango. Wengi hudhani ni bei ya petroli. Sivyo. Ndani yake mna matairi, oili, bima, matengenezo na uchakavu wa chombo. Kwa hiyo anayelipwa kwa kilomita hawezi tena kuleta risiti ya petroli ya safari ile ile. Atakuwa amelipwa mara mbili, na mkaguzi wa hesabu ataliona hilo.

Upande wa pili haupigiwi kelele. Namkumbuka bwana shamba mmoja aliyezungukia vijiji kwa pikipiki yake. Miaka mitatu ofisi yake ilimrudishia fedha za petroli tu, naye akashukuru. Injini ilipokufa hakuwa na akiba ya kuitengeneza, na wakulima wake wakakaa msimu mzima bila kumwona. Fedha haikuibwa hata senti. Ila kilomita zake hazikuandikwa popote.

Basi andikeni siku ile ile: tarehe, mlikotoka, mlikokwenda, shughuli, mita ya kuondoka na ya kurudi. Anayengoja mwisho wa mwezi huandika kilomita 100, 200, 300 kamili, kana kwamba barabara zetu zilipimwa kwa ajili yake! Sisi tunaokagua tumekwisha zizoea. Na nakala ya dai bakini nayo, maana majalada hupotea.

Maswali nitayapokea baada ya chakula.