Bastola Ndogo Si Silaha Ndogo
Hotuba kwa kikao cha polisi na wananchi wa mpakani, Busia

 

Katika vikao vilivyotangulia mmetuuliza swali moja kwa namna mbalimbali. Mfanyabiashara anayefunga duka magharibi, akiwa na fedha za siku nzima mfukoni, anataka kujua: nikipewa cheti, nikanunua bastola ndogo ya kuficha kiunoni, si nitakuwa salama? Swali hili ni la haki, kwa kuwa hofu inayolizaa ni ya kweli. Nitalijibu kwa kueleza yanayotokea katika uwanja wa shabaha, mahali ambapo silaha hujieleza yenyewe.

Nilikuwapo siku mfanyabiashara mmoja wa nafaka alipoijaribu bastola ndogo kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Glock 19, aina iliyotoka mwaka 1988, ikiwa ni ufupisho wa Glock 17 ya huko Austria. Mtutu wa ile kubwa una urefu wa milimita 114. Wa hii ndogo ni milimita 102. Ile hubeba risasi 17, hii 15. Tofauti ni chache, na risasi ni zilezile za milimita 9. Ndugu yetu aliitazama, akatabasamu, akasema kwamba hii ni nyepesi, haitamshinda.

Kabla hajaishika, mkufunzi alimvalisha vizibo vya masikio na miwani ya kinga, kisha akamtamkisha kanuni nne ambazo Jeff Cooper wa Marekani alizieneza duniani. Kwanza, ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi. Pili, usielekeze mtutu kwa kitu usichokubali kukiharibu. Tatu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka vilengeo vyako viwe kwenye shabaha. Nne, ijue shabaha yako, na kilicho nyuma yake.

Shabaha iliwekwa mita 7 mbele, umbali usiozidi ule wa kutoka kaunta hadi mlango wa ghala. Alifyatua risasi 10. Karatasi ilipoletwa, ilikuwa na matundu matatu. Nyingine zote zilikuwa zimezama katika tuta la udongo.

Sababu zake hazina uchawi. Bastola ikiwa nyepesi, mshtuo wake huja mkononi kwa nguvu zaidi, na mkono usiozoea huanza kuukwepa kabla ya mlio. Mpini ukiwa mfupi, vidole hukosa pa kushika vizuri. Na vilengeo vya mbele na nyuma vikikaribiana, kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa mbele ya mtutu. Katika bastola hiyo, kupotoka kwa milimita moja kwenye kilengeo huipeleka risasi zaidi ya sentimita 4 pembeni kwa umbali wa mita 7. Kwa mita 25 ni zaidi ya sentimita 15. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Lakini jambo lililonigusa zaidi lilitokea baada ya milio kunyamaza. Ndugu yetu alitaka kumuuliza mkufunzi swali, akageuka mzimamzima, bastola ingali mkononi na kidole kingali ndani ya kifyatulio. Mkufunzi aliudaka mkono wake na kuurudisha mbele. Hakumfokea. Alimwuliza tu: "Mzee wangu, saa ya kufunga duka, nani huwa amesimama upande huu?" Akajibu polepole: wapagazi, vijana wa boda boda, na wajukuu wanaokuja kumchukua. Kisha akakaa kimya. Siku hiyo aliomba mafunzo yaendelee kwa wiki nyingine kadhaa kabla ya kuipeleka silaha yoyote nyumbani kwake. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa uamuzi bora kuliko risasi 10 zilizopiga katikati.

Fikirini, ndugu zangu, zile risasi saba zilizokosa karatasi. Uwanjani zilipokewa na tuta. Katika soko letu hakuna tuta. Risasi ya milimita 9 huenda kasi ya takriban mita 360 kwa sekunde, ikiutangulia mlio wake, na mabati ya vibanda vyetu hayawezi kuizuia. Maji yakimwagika hayazoleki. Na risasi ikishatoka, haiitiki tena.

Basi, jibu langu ni hili. Cheti hakimfanyi mtu kuwa salama, wala bastola haifanyi kazi ya mazoezi. Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ya mwaka 1970 inamkataza mtu kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Anayestahili na akakipata, ajue kwamba hapo ndipo wajibu unapoanza.

Nyumbani, bastola na ikae ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, risasi zikae mbali nayo, na ufunguo usijulikane na watoto. Chini ya mto si kasha. Juu ya kabati si kasha. Tena kumbukeni kwamba kuchomoa magazini hakumalizi risasi: moja yaweza kubaki ndani ya chemba, na hiyo moja yatosha kuleta msiba. Aliyetoka uwanjani anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto, maana madini ya risasi, yaliyoipa risasi jina lake, ni sumu.

Kwa sisi watu wa mpakani kuna jambo la ziada. Mguu huvuka mpaka kwa urahisi, cheti hakivuki. Mwenye cheti cha Uganda akiingia Kenya na bastola kiunoni bila kibali cha huko, anavunja Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, hata kama amekwenda kunywa chai tu na shemeji yake. Na anayetoka huko kuja huku hali yake ni hiyohiyo. Nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, zikakubaliana kuzitia alama silaha na kuziandikisha, ili bunduki iliyopotea iweze kufuatiliwa hadi ilikotoka. Silaha isiyo na alama wala mwenyewe ndiyo inayowasumbua wafugaji, wavuvi na wachuuzi wa pande zote mbili.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Mfanyabiashara, punguza kwanza fedha unazotembea nazo: tumia benki na simu, funga duka mapema, ongozana na wenzako, badilisha njia. Mzazi, mwambie mtoto kwamba akiona bunduki au risasi shambani au kando ya njia, asiiguse. Akae mbali nayo na kumwita mtu mzima. Na kila mmoja wetu, akijua ilipo silaha isiyo halali, aarifu polisi kwa namba 999 au 112, zinazotumika pande zote mbili, au amweleze mwenyekiti wake wa LC.

Usalama wa Busia haujawahi kukaa katika kiuno cha mtu mmoja. Unakaa katika jirani anayekujua kwa jina na kuitika ukimwita. Sasa tuko tayari kwa maswali yenu.