Kazi ya Mafigo Mwilini

Jioni ya leo twataka kusema nanyi habari za mafigo.

Mwanadamu ana mafigo mawili, chini ya mbavu, kila upande wa uti wa mgongo moja. Umbo lake ni kama haragwe, na ukubwa wake wapata ngumi ya mtu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno, vipatavyo milioni 1.

Mama achujapo tui, machicha husalia katika kifumbu. Vivyo hivyo damu ipitapo katika vichujio hivi, chembe zake husalia, maji yakapenya. Kwa siku moja hupenya lita 180, yaani madebe 9! Yangetoka yote, tungekufa kabla ya jua kuchwa. Lakini mifereji myembamba ya figo huyarudisha damuni, pamoja na sukari na chumvi ihitajiwayo. Taka hutoka na maji machache, yapata lita moja na nusu, nayo ndiyo mkojo.

Mwaka mmoja kijana wa darasa letu alikuja asubuhi macho yamevimba. Tulidhani amekesha ngomani, tukamkemea. Siku ya tatu miguu nayo ikavimba, na mkojo wake ukawa kama chai ya rangi. Mganga wa hospitali akamwuliza kama alikuwa na vidonda. Naam, majuma matatu nyuma alikuwa na upele wenye usaha miguuni. Sisi tuliuona, tukaudharau.

Mwili upiganapo na vijidudu vya vidonda, au vya koo, huenda silaha zake zenyewe zikakwama katika vichujio na kuviumiza. Ndipo damu huvuja mkojoni, maji na chumvi hubaki mwilini, na msukumo wa damu hupanda, hata mtoto aweza kushikwa na degedege.

Kijana yule alipona, kama waponavyo watoto wengi watunzwao mapema. Lakini makemeo yetu hayakumfaa kitu.

Basi, wazazi na walimu wenzetu, vidonda vya watoto vioshwe kwa maji na sabuni, vikatibiwe. Na mtoto akiamka uso umevimba, au mkojo wake ukiwa mwekundu au mchache, apelekwe hospitali siku iyo hiyo, apimwe mkojo na msukumo wa damu. Tusingoje maumivu, kwa maana mara nyingi figo huharibika kimya kimya.