Kustaafu kwa Mwandishi wa Habari za Viwanda na Teknolojia: Mafao, Madaftari na Makabidhiano Yasiyofanyika

Kustaafu ni kukoma kwa utumishi kwa sababu ya umri. Nchini Tanzania umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60. Mwandishi aliyeajiriwa katika sekta binafsi huchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri na mwajiriwa hugawana mzigo huo. Wa chombo cha umma kwa kawaida yuko PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Pensheni humfikia aliyechangia miezi isiyopungua 180. 

Habari za viwanda na teknolojia ni habari za uzalishaji, mitambo, nishati na mawasiliano, pamoja na fedha zinazoviendesha. Kizazi cha waandishi wake kinachostaafu sasa kimeona mengi. Mwandishi aliyezaliwa mwaka 1964 alitimiza miaka 60 mwaka 2024. Alipoingia chumba cha habari mwishoni mwa miaka ya 1980, Urafiki ya Dar es Salaam, kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, ilikuwa bado ikifuma, na Mwatex ya Mwanza, ya nguo pia, na General Tyre ya Arusha, ya matairi, yalikuwa majina makubwa. Aliripoti viwanda vikikosa vipuri na fedha za kigeni, kisha vikibinafsishwa miaka ya 1990 chini ya PSRC, tume ya kurekebisha mashirika ya umma. Baadaye akahamia minara ya simu: Mobitel mwaka 1994, Vodacom mwaka 2000, na mkongo wa baharini wa SEACOM mwaka 2009. Nchi iliyozuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974 ilifika kutuma fedha kwa simu, na sehemu kubwa ya safari hiyo iliandikwa na watu wachache wanaohesabika.

Watu hao wanapoondoka hakuna anayewaomba makabidhiano, na hapo ndipo penye tatizo. Dereva wa ofisi anayestaafu hukabidhi funguo na kitabu cha safari, na mhasibu hukabidhi leja kwa saini. Mwandishi aliyefuatilia kiwanda kimoja kwa miaka ishirini hukabidhi kitambulisho, hupigwa picha akikata keki, na huondoka na boksi lake.

Ndani ya boksi hilo mna madaftari. Ukurasa mmoja wa daftari la mwandishi wa viwanda hubeba tarehe, jina la meneja uzalishaji, idadi ya mashine zinazofanya kazi na zilizosimama, na sababu za kusimama: mkanda umekatika, vipuri vimekwama bandarini, umeme hautoshi. Pembeni, mara nyingi kwa wino wa rangi nyingine, kuna alichosema fundi wa zamu baada ya ofisa uhusiano kuondoka. Gazetini yalitoka maneno ya ofisa uhusiano. Ya fundi yalibaki pembeni mwa daftari. Chini ya madaftari huwa kuna kaseti, bahasha ya kaki yenye negativu za picha, na disketi ambazo hakuna kompyuta ya ofisini inayoweza kuzisoma.

Thamani ya boksi hilo huonekana kiwanda kinapotajwa upya. General Tyre ilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na tangu hapo ahadi ya kuifufua imetangazwa zaidi ya mara moja. Mwandishi kijana anayetumwa kuiandika hupewa taarifa kwa vyombo vya habari na nauli. Hana mahali pa kuona ahadi iliyopita ilisema nini, ilitaja mtambo gani na ilikwamia wapi, hivyo ahadi ya zamani huchapishwa kama habari mpya.

Sheria zilizopo hazilifikii boksi hili. Ile ya huduma za maktaba ya mwaka 1975 inadai nakala za kilichochapishwa. Ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inashughulikia karatasi za ofisi za umma. Daftari halimo kwenye kundi lolote kati ya hayo. Kwa hakimiliki, kazi iliyofanywa ndani ya ajira kwa kawaida humpa mwajiri haki za kiuchumi. Lakini waandishi wengi wa fani hii walikuwa makorespondenti, waliolipwa kwa kila habari iliyotoka, bila mkataba. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inagusa bima na hifadhi ya jamii kwa waajiriwa, na korespondenti kwenye karatasi si mwajiriwa.

Mafao na madaftari, kwa hiyo, ni suala moja. Ofisi ambayo haikumchangia mtu hata mwezi mmoja haina uso wa kumwomba kazi ya maisha yake. Mada hii hailengi chombo chochote, na inatambua kwamba mapato ya matangazo yameporomoka. Hata hivyo hoja ya kukosa fedha ilitolewa pia enzi matangazo yalipojaa hadi ukurasa wa nyuma. Maazimio kuhusu mikataba ya makorespondenti yamepitishwa semina baada ya semina. Makabrasha yake yapo, yamefungwa vizuri.

Inapendekezwa kila korespondenti anayeandika mfululizo apewe mkataba, hata wa muda mfupi. Wasio na mwajiri wa kudumu wajisajili NSSF kama wachangiaji wa hiari, na chombo kikate mchango huo kwenye malipo ya habari kabla ya kulipa, si baada. Mkataba useme wazi madaftari ni ya nani na chombo kitalipa nini kikiyahitaji. Makabidhiano yaanze mwaka mmoja kabla ya kustaafu, mwandishi kijana akiambatana na mzee kiwandani ili wahandisi na mafundi wamfahamu kwa sura. Majina ya watoa habari waliozungumza kwa siri yafunikwe kabla ya kunakili. Vyuo vya uandishi wa habari viwape wanafunzi kazi ya kupanga na kuorodhesha maboksi haya, na Maktaba Kuu ya Taifa iombwe kupokea nakala. Wahariri wakatae habari ya kufufua kiwanda isiyotaja ahadi iliyotangulia. Na mikataba, kwa kurudia, itangulie yote haya, kwa kuwa bila mkataba hakuna cha kukabidhiana.

Kwa waliokwisha kustaafu, chombo kitume mtu nyumbani kwao akiwa na kinasa sauti, skana na kifaa cha kusomea disketi, na kiwalipe kwa muda wao. Malipo hayo yapite benki kwa hati ya madai, yasiwe nauli ya kushikishwa mkononi mlangoni.